Kabla Hujasaini Jikoni

Jumapili moja ya Februari, theluji imefunika ngazi za mlango wa mbele, mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, alikuja kwangu na karatasi mbili alizozikunja ndani ya Biblia. "Baba, nisomee hizi," akaniambia. Kazi yangu ni ukalimani: hospitalini, shuleni, mahakama ya kaunti, na mara moja moja mezani kwa afisa mikopo wa benki. Tunaishi Iowa, katika mji ambao ukitoa kiwanda cha nyama, reli na shule, kinachobaki ni mahindi. Karatasi zile zilikuwa mkataba wa nyumba. Mama alikuwa ametoa dola 9,000 za kuanzia, kisha dola 850 kila mwezi kwa miaka mitatu. Kilichomleta kilikuwa kidogo tu: mbona bili ya kodi ya nyumba kutoka kaunti bado inakuja kwa jina la muuzaji?

Ikabidi nimweleze kwamba kaunti haikukosea. Nyumba ilikuwa bado ya muuzaji.

Naandika haya kwa ajili yake na walio kama yeye: Wakongo, Waburundi, Wasomali Wabantu, Wakenya na Watanzania waliofuata kazi za machinjio, mashamba ya ng'ombe wa maziwa na vituo vya wazee katika miji midogo ya Marekani, kama Beardstown kule Illinois au Garden City kule Kansas. Nyumba za huku bado zinaguswa na mshahara wa kiwandani. Kinachoniudhi ni kwamba mkopo nafuu kuliko yote uliwekwa kwa ajili ya miji hiihii, na sisi tunausikia wa mwisho, wakati mkono umeshasaini.

Mkataba wa mama yule una majina mengi kutegemea jimbo: contract for deed, land contract, installment contract. Ukiona mojawapo ya maneno hayo juu ya karatasi, weka kalamu chini kwanza. Kwa lugha yetu ni kununua kwa awamu moja kwa moja kwa mwenye mali. Hakuna benki, hakuna wa kuchungulia kredi yako, hakuna wa kuuliza karatasi za uhamiaji. Mnakaa jikoni, mnapeana mikono, unakabidhiwa funguo. Lakini hati inabaki kwa muuzaji mpaka umlipe senti ya mwisho, na muda wote huo paa likivuja ni lako, bima ni yako, kodi ni yako. Ukiteleza, huhesabiwi kama mwenye nyumba mwenye rehani, ambaye benki humfikisha mahakamani na kesi ikachukua miezi. Hapa Iowa muuzaji anakuandikia notisi. Zikipita siku 30 hujalipa ulichochelewesha, mkataba unakufa, na vyote ulivyolipa tangu siku ya kwanza vinabaki kwake. Kuna baya zaidi: yeye mwenyewe anaweza kuwa na deni la benki juu ya nyumba hiyohiyo. Wewe unamlipa, yeye halipi, na siku moja benki inabisha mlango wako.

Jirani zetu wa Minnesota wameyaona. Mwaka 2022 magazeti ya mtandaoni Sahan Journal na ProPublica yaliandika jinsi familia za Kisomali, nyingi zikikwepa riba, zilivyouziwa nyumba kwa mikataba ya namna hii kwa bei za kupaa. Mwaka 2024 jimbo likakaza sheria yake. Majimbo mengi bado hayajafika hapo.

Sisemi kila mkataba wa awamu ni mtego. Namfahamu mzee mmoja aliyenunua hivyo kwa mkulima jirani yake, akalipa miaka saba, akakabidhiwa hati yake bila maneno. Kama huna njia nyingine, basi mtafute mwanasheria wa kwako wewe, asiwe wa muuzaji, akague kama nyumba ina deni. Mkataba nao uandikishwe kaunti. Hapa kwetu sheria inamtaka muuzaji afanye hivyo. Na usilipe taslimu hata mara moja. Hilo la mwisho lishike, tutalirudia.

Sasa mkopo wenyewe. Unatolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), na hapo ndipo watu wanapopotea, maana nani ataenda kuomba nyumba kwa watu wa kilimo? Huhitaji ng'ombe wala ekari. Sheria ya nyumba ya mwaka 1949 iliipa wizara hiyo jukumu la makazi ya vijijini, na kifungu chake cha 502 ndicho kinachokopesha mpaka leo, kupitia idara iitwayo Rural Development. "Kijijini" kwao ni neno pana. Mji mdogo wenye taa za barabarani na duka la Walmart unaweza kuhesabika, kikomo kwa jumla kikiwa watu 35,000, na kuna masharti ya ziada kadiri mji unavyokuwa mkubwa. Usibahatishe: wizara ina ramani kwenye tovuti yake, unaandika anwani ya nyumba, inakujibu ndiyo au hapana. Nimeona mtaa mmoja upande wa kushoto unakubalika na wa kulia unakataliwa.

Kifungu hicho kina milango miwili, na watu huichanganya.

Mlango wa kwanza ni mkopo wa moja kwa moja. Hapa serikali yenyewe ndiyo inayokukopesha, bila benki katikati. Ni wa wenye kipato cha chini au cha chini sana kwa viwango vya kaunti yao, walioshindwa kupata mkopo wa masharti yanayobebeka kwingine. Kwa kawaida hutakiwi kianzio. Muda ni miaka 33, na kwa wenye kipato cha chini sana unaweza kufika 38. Lakini utamu wake uko kwenye ruzuku: kulingana na kipato chako, serikali inaweza kukubebea sehemu ya malipo mpaka ikawa kana kwamba unalipa riba ya asilimia 1. Hebu tupige hesabu. Nyumba ya dola 150,000, kwa mkopo wa kawaida wa miaka 30 wenye riba ya asilimia 6, ni kama dola 899 kwa mwezi. Fedha hizohizo kwa asilimia 1 kwa miaka 33 ni kama dola 445. Ongeza kodi na bima kote kuwili. Tofauti ni dola 450 na ushee kila mwezi, na kwa wengi wetu huo ndio mzigo wa gari.

Ruzuku hiyo ina masharti yake. Kipato chako hukaguliwa tena baada ya muda, na mshahara ukipanda malipo nayo hupanda. Ukiuza nyumba au ukihama, serikali hurudishiwa ruzuku yote au sehemu yake, kulingana na thamani iliyoongezeka. Na ni mkopo wa subira. Fedha hutegemea bajeti ya Bunge la Marekani, maombi hukaa miezi, na muuzaji mwenye haraka hatakungoja. Kwa hiyo omba kwanza, ukishapewa cheti cha kustahili ndipo uanze kutafuta nyumba. Wengi hufanya kinyume, wakaipenda nyumba, wakaikosa, wakanung'unika kuwa mpango ni wa uongo.

Mlango wa pili ni mkopo wa dhamana. Fedha ni za benki, wizara inadhamini tu. Kipato kinaweza kufika asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo lenu, na familia ya watu 5 hadi 8 huwekewa kikomo cha juu kuliko ya watu 1 hadi 4. Kwa nyumba zetu zenye watoto sita hiyo ni heri. Hapa nako hakuna kianzio. Kuna ada ya asilimia 1 mwanzoni, ambayo inaweza kuingizwa ndani ya mkopo, na asilimia 0.35 kila mwaka. Miaka ni 30 na riba haibadiliki. Ni wa haraka kuliko ule wa kwanza, lakini hauna ruzuku. Benki moja mjini kwetu inautoa. Nyingine, hatua mia mbili kutoka hapo, haikuwahi kuutaja mpaka nilipouliza. Jifunze kuuliza kwa jina: "Mnatoa mkopo wa USDA?"

Kuna jambo ambalo limewaangusha watu wangu wengi kuliko kredi mbovu. Katika kupima kama unastahili, wizara huhesabu kipato cha kila mtu mzima anayelala ndani ya nyumba, hata kama jina lake halipo kwenye mkopo. Shemeji aliyekuja "kwa wiki mbili" mwaka juzi na sasa anafanya zamu ya usiku, yumo. Kijana wako wa miaka 20 anayefanya kazi, yumo, ingawa akiwa mwanafunzi wa muda wote huhesabiwa kidogo sana. Lakini wanapopima uwezo wa kulipa, wanatazama kipato cha wanaosaini tu. Ndiyo maana familia moja niliyoikalimania iliambiwa asubuhi ina kipato kikubwa mno na mchana ikaambiwa ina kipato kidogo mno, ikadhani inachezewa. Haikuchezewa. Kaeni kama familia mjue nani atakuwa anaishi humo kweli, ndipo mjaze fomu. Na msidanganye kuhusu shemeji. Anwani yake iko kwenye ritani za kodi.

Kuhusu hadhi ya uhamiaji nitakwenda kwa uangalifu, maana sheria hizi siku hizi zinageuka kama upepo. Mikopo ya kifungu cha 502 ni ya raia na ya wageni wa makundi yanayotajwa na sheria, wakiwamo wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi. Mikopo ya benki inayodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu ya mikopo ya nyumba, ambayo watu wetu waliizoea sana, imebanwa: tangu 25 Mei 2025 FHA haidhamini tena wasio wakaazi wa kudumu. Mkimbizi anatakiwa kisheria kuomba ukaazi akishatimiza mwaka mmoja nchini, na bado nakutana na watu wenye miaka minne hawajaomba. Nao wanatafuta nyumba! Anza na fomu hiyo. Na kabla hujamwamini mtu yeyote kwenye suala la hadhi, mimi nikiwamo, piga simu ofisi husika uulize ilivyo leo.

Kwa mwenye ukaazi au uraia, FHA bado ni njia nzuri pale nyumba isipoingia kwenye ramani ya wizara. Kianzio ni asilimia 3.5 kama alama zako za kredi ni 580 au zaidi, na asilimia 10 kama ziko kati ya 500 na 579. Gharama yake imejificha kwenye bima ya mkopo: asilimia 1.75 mwanzoni, kisha ada ya kila mwaka ambayo, ukiweka kianzio chini ya asilimia 10, haiondoki mpaka mkopo uishe. Benki nyingi pia zina HomeReady ya Fannie Mae na Home Possible ya Freddie Mac, kianzio asilimia 3, kwa wenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Bima ya mikopo hii unaweza kuomba iondolewe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani. Na karibu kila jimbo lina mamlaka yake ya nyumba, hapa kwetu Iowa Finance Authority, inayosaidia kianzio kwa anayenunua mara ya kwanza. "Mara ya kwanza" mara nyingi maana yake ni kutomiliki nyumba kwa miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo hata aliyewahi kuwa nayo akaipoteza asijitoe mapema.

Asiye na namba ya hifadhi ya jamii lakini analipa kodi kwa namba ya ITIN asikate tamaa, ila ajue bei. Vyama vya kuweka na kukopa, na baadhi ya benki ndogo, hukopesha kwa ITIN, mara nyingi kwa kianzio cha asilimia 10 hadi 20 na riba iliyo juu kidogo. Namba hiyo hufa usipoitumia kwenye ritani kwa miaka mitatu mfululizo. Mtu hugundua siku anayoihitaji.

Ndugu Waislamu wanaokwepa riba wana kampuni kama Guidance Residential, iliyoanza mwaka 2002, inayotumia musharaka: mnanunua pamoja, wewe unalinunua fungu lake kidogokidogo huku ukilipia matumizi ya sehemu ambayo bado si yako. Kuna pia benki kama Devon Bank ya Chicago yenye murabaha, yaani kukuuzia kwa faida iliyotajwa, na ijara, yaani kukukodishia mpaka umiliki. Hazifanyi kazi katika kila jimbo, na nyumba ya bei ndogo ya mji mdogo huenda isizivutie, kwa hiyo uliza kwanza. Nasema hivi kwa sababu wenzetu wa Minnesota waliingia kwenye mkataba wa awamu wakiamini ndiyo njia pekee ya halali. Mkataba unaokupora nyumba kwa kuchelewa mwezi mmoja, shehe wako naye auone.

Treila, yaani nyumba ya kuhamishika, sitaikalia sana. Iliyotengenezwa kabla ya 15 Juni 1976 karibu hakuna atakayeikopesha, na iliyo juu ya kiwanja cha kukodi hukopeshwa kama gari, kwa riba ya gari. Kodi ya kiwanja ikipanda, nyumba "yako" huwezi kuibeba kichwani.

Kuna mpango mmoja ninaoupenda kuliko benki zote, na Mswahili yeyote atauelewa bila mkalimani. Kifungu cha 523 cha sheria ileile huyapa mashirika fedha za kulipa wasimamizi wa ujenzi, na familia zenye kipato cha chini hujengeana nyumba, zikifanya kama asilimia 65 ya kazi kwa mikono yao jioni na wikendi. Jasho hilo linashusha bei ya nyumba, na mkopo ni uleule wa 502. Desturi ni kwamba hakuna anayehamia mpaka nyumba ya mwisho ya kikundi iishe. Kwa Wapare ungeitwa msaragambo, kwa Wakongo salongo, ila hii haina polisi wa kukusukuma. Wafanyakazi wa mashambani wa bonde la San Joaquin kule California wamejenga hivi tangu miaka ya 1960 kupitia Self-Help Enterprises. Si kila kaunti ina shirika la namna hiyo. Waulize Rural Development kama lenu lipo.

Haya, tuseme mlango umeuchagua. Kazi kubwa sasa ni kuzipa fedha zako historia, na hapo maisha yetu na benki ya Marekani vinagongana vibaya.

Chukua upatu. Uuite mchezo, kibati, chama, likelemba au ayuto, ni kilekile: watu 12, dola 500 kila mmoja, mwezi huu zamu yako, dola 6,000 taslimu kwenye bahasha. Unazipeleka benki kwa furaha. Wiki tatu baadaye afisa mikopo anafungua taarifa za akaunti yako za miezi miwili, anaona 6,000 zimedondoka kutoka mbinguni, anauliza zimetoka wapi. Kwake inaweza kuwa mkopo wa siri. Nimewahi kukaa pale nikijaribu kueleza upatu kwa dakika arobaini, na yule bwana akahitimisha kwa kuandika neno moja: haieleweki. Fanya hivi. Panga zamu yako ije mapema, fedha zikae benki zaidi ya miezi miwili kabla ya maombi. Wanachama watumiane kupitia benki badala ya bahasha, na daftari la kikundi liwe na majina, tarehe na sahihi. Kamwe usikubali ushauri wa kuziita zawadi. Barua ya zawadi inasema fedha hazirudishwi, na kusaini uongo kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai la serikali kuu. Zawadi ya kweli kutoka kwa kaka au dada inaruhusiwa, na barua hiyo ni ukurasa mmoja.

Kisha gari. Mtu anaingiza dola 3,600 kwa mwezi kabla ya makato. Kanuni ya wizara kwa kawaida haipendi madeni yote pamoja, nyumba ikiwemo, yazidi asilimia 41, yaani dola 1,476. Kama gari ulilokopa kwa muuzaji wa kando ya barabara linakula 640, nyumba imebakiwa na 836, humo humo kodi na bima. Umenunua Toyota ukauza chumba cha watoto. Ukimsainia binamu mkopo wa gari lake, nalo ni deni lako mpaka uonyeshe miezi 12 kwamba yeye ndiye anayelipa kutoka akaunti yake.

Asiye na alama za kredi kabisa asidhani amekwisha. Wizara na FHA zinaweza kupokea historia ya aina nyingine: risiti za kodi ya nyumba za miezi 12, umeme, simu, bima ya gari. Ovataimu mara nyingi haihesabiwi mpaka iwe na historia, mara nyingi miaka miwili, kwa hiyo usipige hesabu ya nyumba kwa mshahara wa Desemba. Na usihame kiwanda kwa senti hamsini zaidi wakati maombi yako yako mezani.

Majina nayo. Nusu ya watu ninaowakalimania walizaliwa 1 Januari, kwa mujibu wa karani wa kambini. Jina la ukoo liko mbele kwenye kitambulisho, nyuma kwenye kadi ya hifadhi ya jamii, na kwenye hati ya mshahara limekatwa herufi mbili. Ofisi ya hati haitaki mafumbo hayo siku ya kufunga mauzo. Yanyooshe miezi sita kabla.

Fedha za kutuma nyumbani hazimo kwenye fomu yoyote ya benki, kwa hiyo benki itakuambia unaweza kulipa 1,400 wakati wewe unajua kila tarehe tano kuna ada ya shule Bukavu na dawa za mama Kigoma. Hesabu hiyo ni yako peke yako. Ipige kwanza.

Kuhusu nyumba yenyewe: ajiri mkaguzi wako. Mthamini anayetumwa na benki anapima bei, hatambai chini ya sakafu. Nyumba za miji hii nyingi ni za miaka mia moja. Zilizojengwa kabla ya 1978 huweza kuwa na rangi yenye risasi, na muuzaji analazimika kusema anachokijua. Nje ya mji kuna kisima na tangi la maji taka. Iowa imetaka tangi likaguliwe kila nyumba inapouzwa tangu 1 Julai 2009. Kwenye majimbo yasiyo na sheria hiyo, gharamia ukaguzi mwenyewe. Maji ya kisima yapimwe bakteria na nitrati, hasa kama kuna mtoto mchanga na shamba la mahindi jirani. Na pima radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini na kukaa kwenye chumba cha chini, pale tunapopenda kuwalaza wageni. Kaunti zote za Iowa ziko kwenye kundi la hatari ya juu kabisa.

Nimeacha mwisho lile ambalo maafisa hawalitaji. Miji yetu inasimama kwa mguu mmoja. Juni 2024 kampuni ya Tyson ilifunga kiwanda chake cha nguruwe Perry, hapa Iowa, kikiwa na wafanyakazi kama 1,300 katika mji wa watu wapatao 8,000. Aliyepanga alifunga virago. Aliyenunua alibaki na nyumba ambayo wanunuzi wake walikuwa wamefukuzwa kazi pamoja naye. Kabla ya kununua, pima kuna kazi gani nyingine ndani ya mwendo wa nusu saa, na uwe na akiba ya miezi mitatu isiyoguswa hata na msiba. Kama huna, endelea kupanga mwaka mmoja zaidi. Najua wifi zako watasema nini.

Kuna washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, wengi wao bila malipo au kwa ada ndogo. Watumie kabla ya benki. Benki ikishapokea maombi yako ina siku 3 za kazi kukupa makadirio ya kurasa tatu. Chukua makadirio kwenye benki mbili au tatu, yaweke mezani sambamba, tazama riba na ada. Siku 3 za kazi kabla ya kufunga mauzo unapewa taarifa nyingine ya kurasa tano. Ilinganishe na ya kwanza mstari kwa mstari. Omba mkalimani, na asiwe binti yako wa darasa la saba.

Mama wa Uvira tumempeleka benki. Mkopo wa FHA unaweza kulipia mkataba wa awamu na kumtoa muuzaji, hati ikaja kwa jina lake, mradi aonyeshe alivyokuwa analipa. Hakuwahi kulipa taslimu. Kila mwezi alinunua hawala ya posta, akahifadhi kijisehemu chake kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Afisa mikopo alivimwaga mezani akaanza kuvihesabu, mama naye akihesabu pamoja naye kwa Kifuliiru, kimoja kimoja. Vinatakiwa 36. Vilikuwa 34, na viwili tunavitafuta.